Kabla ya kulalamikia halmashauri, ipime kwanza

Vijana ninaowatembelea mashambani wana malalamiko yaleyale: bwana shamba haonekani, geti la ushuru linasumbua, mkopo wa vijana umekwama. Yanaweza kuwa ya kweli kabisa, ila kwenye kikao yanajibiwa kwa sentensi moja: "Tumepokea, tutalifanyia kazi." Ukija na namba, jibu hilo halitoshi. Leo tuone namna ya kuipata hiyo namba.

Na usione aibu kudai. Ushuru wa mazao unaotozwa unaingia halmashauri, na sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu.

1. Usiulize "mmeridhika?"
Mtu akiulizwa hivyo atasema "tunashukuru" yaishe. Uliza kilichotokea: Tangu masika yaanze, afisa ugani amefika shambani kwako mara ngapi? Ulipolipa ushuru ulipewa risiti ya mashine? Maombi ya mkopo yalikaa siku ngapi bila jibu? Ndipo uombe alama, 1 (mbaya sana) hadi 5 (nzuri sana), na sababu yake. Majina ya waliojibu usiyaandike.

2. Usiulize marafiki zako tu
Kama AMCOS yenu ina wanachama 240 na unataka watu 30, chagua jina lolote kati ya 8 ya kwanza, kisha chukua kila la nane. Vijana wanaokodi mashamba mara nyingi hawamo kwenye orodha, wafuate huko waliko.

3. Wastani unadanganya
Tuseme watu 10 wametoa 5 na wengine 10 wametoa 1. Wastani ni 3, utadhani huduma ni ya kawaida tu. Kumbe walio karibu na ofisi ya kata wanahudumiwa, wa kitongoji cha mbali hawapati kitu. Tenganisha alama kwa kitongoji, jinsia na umri.

4. Sikiliza na upande wa pili
Kuna njia inaitwa kadi ya alama ya jamii, ilibuniwa na shirika la CARE huko Malawi mwaka 2002. Wananchi wanatoa alama, watoa huduma nao wanajipa zao pembeni, halafu wote wanakaa kulinganisha. Mimi ni mmoja wa wanaopimwa, kwa hiyo nasema nikiwa upande huo: mkulima anaweza kutoa 1 kwa sababu bwana shamba hafiki, na bwana shamba akaeleza kwamba ana vijiji vinne na pikipiki haina mafuta. Sasa dawa inaonekana: fungu la mafuta kwenye bajeti, au siku maalum ya kukutana kwenye shamba darasa. Ukiishia kumlaumu mtu, bajeti itabaki vilevile na atakayekuja baada yake atakwama palepale.

5. Peleka panapohusika
Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila baada ya miezi 3. Omba mapema kwa mtendaji iwe ajenda. Soma namba zako, na hakikisha muhtasari unaandika nini kitafanyika, nani atafanya, na lini. Kutoka hapo diwani ana kitu cha kubeba kwenda kamati ya maendeleo ya kata na baraza la madiwani.

Msimu unaofuata rudia maswali yaleyale. Ukiyabadilisha hutajua kama huduma imepanda au imeshuka.

Anza na huduma moja tu, ile inayokuumiza mfukoni. Na angalia kalenda: mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, lakini mipango inakusanywa miezi mingi kabla. Ukisubiri Mei, umechelewa.