Neno la Mwisho ni la Nani?

Mkulima wa Kitale au Bungoma akifikisha mahindi kwenye ghala la Bodi ya Nafaka, kwanza hupimwa unyevu. Ukizidi asilimia 13.5, anarudi kuyaanika tena kwenye turubai. Kanuni hiyo inajulikana kabla hajapakia gunia la kwanza. Serikali ya mseto ya Kenya ya 2008 iliundwa bila kanuni iliyo wazi kiasi hicho.

Mapatano ya Februari 28, 2008 yalituliza nchi iliyokuwa ikimwaga damu, na hilo si jambo dogo. Mwai Kibaki alibaki Rais. Raila Odinga akaapishwa Aprili kuwa Waziri Mkuu wa kuratibu na kusimamia shughuli za serikali. Wananchi wakaiita serikali ya nusu mkate.

Kasoro ilijitokeza Februari 2010. Raila alitangaza kuwasimamisha kazi kwa miezi mitatu Waziri wa Kilimo, William Ruto, na wa Elimu, Sam Ongeri, kupisha uchunguzi kuhusu mahindi ya ruzuku na fedha za shule. Kibaki akabatilisha hatua hiyo siku iyo hiyo. Mkulima alistahili kujua mahindi yalikwenda wapi. Viongozi wakawa wanabishana nani ana uwezo wa kumsimamisha nani.

Mataifa yaliyoachana na ukomunisti yalipitia njia hiyo. Nchini Poland, Katiba Ndogo ya 1992 ilimpa Rais Lech Wałęsa kauli katika uteuzi wa mawaziri wa ulinzi, mambo ya nje na mambo ya ndani, akavutana na mawaziri wakuu. Katiba ya 1997 ikaiondoa kauli hiyo. Ukraine ilipunguza mamlaka ya rais 2004, ikayarejesha 2010, ikayapunguza tena 2014.

Kenya ilifuata njia yake. Januari 2010, wabunge waliokutana Naivasha waliacha mpango wa kuwa na rais na waziri mkuu, wakachagua rais mtendaji. Katiba ya Agosti ikaleta kaunti, Trans Nzoia na Bungoma zikiwemo. Sasa kilimo kiko kwa gavana, sera ya kilimo iko Nairobi.

Mwaka 2023 kamati ya mazungumzo ya kitaifa ilipendekeza tena ofisi ya Waziri Mkuu. Kabla ya kuiunda, sheria itamke bayana nani anaajiri, nani anafuta kazi, na nani atajibu ghala likiwa tupu. Tukiyaacha hayo kwa maelewano ya wakubwa, gharama italipwa na mkulima.