Baiskeli ya Umeme: Tuinunue Pamoja na Ufundi Wake

Kwa muda wa miezi mitatu sasa tunayo baiskeli ya umeme, tuliyoinunua kwa akiba yetu. Wenzetu katika Chama wametuuliza mara nyingi: je, hiki ni chombo cha maendeleo, au ni pambo la wenye nafasi? Hatukupenda kujibu kwa maneno ya muuzaji. Kwa hiyo tulipopata safari ya Mafia tuliivusha pamoja nasi, tuipande kutoka Kilindoni hata magofu ya Kua katika kisiwa cha Juani, kisha tuseme yale tuliyoyaona kwa macho yetu na kuyaonja kwa miguu yetu.

Kwanza yafaa tukieleze chombo chenyewe. Ukikitazama kwa mbali utadhani ni baiskeli ya siku zote. Lakini ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma mna mota ya wati 250, na juu ya fremu imefungwa betri ya volti 36 na ampea-saa 10. Ukizidisha hesabu hiyo utapata watisaa 360, yaani zaidi kidogo ya theluthi ya uniti moja ya umeme. Mpandaji hukanyaga kama kawaida. Mota ikihisi kanyagio linazunguka, huongeza nguvu yake juu ya nguvu ya mguu. Akiacha kukanyaga, nayo huacha. Hapo ndipo tulipoipendea: baiskeli yetu haimbebi mvivu, bali humsaidia anayefanya kazi.

Tuliondoka Kilindoni asubuhi, betri imejaa, tukaishika barabara ya lami iendayo Utende, mwendo wa kilomita 14 hivi. Upepo wa kusi ulikuwa ukitupiga usoni. Zamani upepo kama huo ungetuteremsha tukakokota. Safari hii tuliweka msaada wa juu kabisa, tukaenda kama tunaosukumwa mgongoni na mkono wa rafiki. Hatukusikia ngurumo, hatukunusa moshi. Twakiri kwamba tulifurahi kama watoto.

Njiani tulimpita mchuuzi wa samaki akirudi kutoka sokoni, ameinama juu ya baiskeli yake kuukuu ya Phoenix, matenga nyuma yake na mfuko wa unga juu ya matenga. Jasho lilikuwa likimtiririka. Tulipompita, furaha yetu ilipungua. Aliyebeba mzigo hakuwa na mota. Sisi wenye daftari na kalamu tu ndio tuliokuwa nayo. Je, hilo ndilo tuliite maendeleo?

Utende tulingoja mashua, na kumbe mchuuzi yule naye ni mtu wa Juani. Tulivuka pamoja, tukiwa tumeifunika betri kwa mpira, maana maji ya chumvi ni adui mkubwa wa nyaya. Juani tukaagana naye, tukashika njia ya mguu, mchanga na mawe ya matumbawe chini ya minazi, mpaka Kua.

Kua ulikuwa mji wa mawe, wenye jumba la kifalme la ghorofa, misikiti na makaburi. Watu wake walifanya biashara na ng'ambo, na vyombo vya Uchina vilifika majumbani mwao. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava walikuja kutoka Bukini wakauteka, na tangu hapo haukuinuka tena. Tuliiegemeza baiskeli nje ya magofu, tukaingia kwa miguu. Vyombo vya kigeni vimebaki vigae. Kilichosimama ni kuta, zilizojengwa kwa mawe ya kisiwa hicho na chokaa iliyochomwa kwa mikono ya watu wa pwani hii. Mizizi ya miti imezipasua, lakini zimesimama.

Tuliporudi, kabla ya kufika kijijini, betri ilikwisha. Muuzaji, ambaye hatumtaji, alituahidi kilomita 60. Hazikutimia hata nusu yake. Upepo, mchanga na uzito wetu vilizila zilizobaki. Baiskeli yenye kilo zaidi ya 20 ikawa mzigo kama mzigo mwingine, nasi tukaikokota.

Mchuuzi yule yule ndiye aliyetukuta.

"Shikamoo, mzee. Imegoma?"

"Marahaba, kijana. Imekwisha moto."

Akashika nyuma akasukuma, akitazama ile mota kwa makini. Kisha akauliza: "Na betri yenyewe ikifa kabisa, mzee, fundi wake yuko wapi? Hii yangu ikikatika mnyororo naunga mwenyewe hapa hapa."

Hatukuwa na jibu. Betri za namna hii kwa kawaida hustahimili kuchajiwa mara 500 hadi 1,000, kisha uwezo wake hupungua sana. Muuzaji hakutuambia ni nani atakayeifungua siku hiyo, wala itatupwa wapi. Tumenunua gurudumu bila kununua ufundi.

Hatusemi chombo hiki kikataliwe. Petroli inayoendesha pikipiki za Mafia huvushwa baharini, na nchi yetu huinunua kwa fedha za kigeni. Umeme twaweza kuuzalisha wenyewe: katika Mto Rufiji, ambao mdomo wake waelekeana na Mafia, taifa limejenga Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja. Jua nalo halina forodha. Wazee waliokijenga TANU tangu mwaka 1954 walieneza habari za Uhuru vijijini kwa miguu na kwa baiskeli. Na baiskeli ya Swala iliwahi kutengenezwa hapa hapa nchini. Kazi hii si ngeni kwetu.

Basi twashauri mambo matatu. Kwanza, vyuo vya VETA vifundishe ufundi wa mota na betri hizi, na vijana wa visiwani wasisahauliwe. Pili, SIDO na wenye viwanda waanze na vile tuviwezavyo, yaani fremu, matenga na vibebeo vya mizigo, na mauzo ya betri yaambatane na wajibu wa kuipokea iliyokufa. Tatu, vyama vya ushirika na SACCOS viwakopeshe kwanza wabeba mizigo: mchuuzi wa samaki, mwuza maziwa, mama wa sokoni. Mwandishi wa gazeti na angoje zamu yake.

Tulifika pwani jua likishuka. Tulimpa kijana yule ahadi kwamba swali lake tutalichapisha, na leo tumelichapisha. Vyombo vya kununua huvunjika. Alichojifunza mtu kukitengeneza hudumu. Kuta za Kua zashuhudia. Wenye dhamana ya ufundi katika nchi hii, kijana wa Juani anangoja jibu.