Kung'ara si kuwa mweupe

Bibi harusi wa Dar es Salaam anapokaa kwenye kiti cha mpambaji, mara nyingi kazi huanza kwa kuifuta rangi yake. Hupakwa faundesheni nzito kuanzia paji la uso hadi kidevuni, juu yake huja konsila iliyo nyeupe kuliko ngozi yake, kisha poda nyeupe hurundikwa chini ya macho na kuachwa dakika kadhaa ishike kabla ya kupanguswa kwa brashi. Akisimama hapo ana uso wa rangi moja na shingo ya rangi nyingine, na mikono iliyochorwa hina na piko inaonyesha rangi ambayo uso umeificha. Wageni husema amependeza, na kweli amependeza, kwa kuwa furaha ya siku ile inatosha kumpamba mtu yeyote. Hata hivyo, uso unaong'ara, ambao ndio hasa uliotafutwa kwa saa zote zile za kukaa kitini, haupatikani kwa njia hiyo. Unapatikana kwa njia nyepesi na ya haraka zaidi, na chombo kimojawapo kinachoifaa kazi hiyo ni poda ya kuokwa, ikichaguliwa kwa rangi ya mwenyewe na kupakwa kidogo. Mng'aro ni habari ya mwanga. Weupe ni jambo jingine kabisa, na kuvichanganya hivi viwili kumetugharimu fedha, muda na, kwa wengine, ngozi yenyewe.

Tuanze na mwanga. Mwanga ukiipiga ngozi, sehemu ndogo, karibu asilimia 5, hurudi papo hapo kutoka juu kabisa bila kuingia ndani, na kiasi hicho hakitofautiani sana kati ya mtu mweusi na mweupe. Tofauti huletwa na hali ya ngozi: ikiwa laini na yenye mafuta kidogo, mwanga huo hurudi kwa pamoja na jicho huona mng'aro, ikiwa kavu na yenye kuchambuka, hutawanyika ovyo na jicho huona kama vumbi. Mwanga uliobaki huingia ndani. Kwa mtu mweupe mwingi wake hurudi nje, kwa mweusi mwingi humezwa na melanini. Matokeo yake ni kwamba katika jumla ya mwanga unaotoka kwenye ngozi nyeusi na kulifikia jicho, fungu linalotoka juu juu ni kubwa kuliko kwa mtu mweupe, na ndiyo maana ngozi nyeusi iliyotunzwa humeta waziwazi kwenye mfupa wa shavu, begani na kwenye muundi. Sasa chukua poda iliyojaa titani dioksaidi, chembe nyeupe zilezile zinazotiwa kwenye rangi za kuta ili zifunike vizuri. Kazi ya chembe hizo ni kutawanya mwanga kila upande. Juu ya ngozi nyeupe hazibadilishi mengi. Juu ya ngozi nyeusi huua ule mng'aro wa juu na kuweka ukungu wa kijivu mahali pake, kwa hiyo mtu amelipia kitu kinachomwondolea alichokuwa nacho alipoingia saluni.

Watu wa huku hawahitaji fizikia kulijua hilo. Mtoto hatoki kwenda shule kabla hajapakwa mafuta, ya nazi au ya kopo, usoni na magotini, kwa sababu hakuna mama anayetaka mwanawe aonekane amepauka. Pwani, bibi harusi alisuguliwa singo na kupakwa liwa iliyosagwa juu ya jiwe na kuchanganywa na marashi. Vyote hivyo vilioshwa, na kilichobaki kikaonekana ni ngozi yenyewe, laini na yenye harufu nzuri. Tunahangaika mwaka mzima ngozi isipauke, kisha siku ya sherehe tunalipa ipaushwe kwa poda. Aliyelieleza tatizo hili vizuri mbele ya dunia ni Iman, mwanamitindo mzaliwa wa Mogadishu aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Nairobi kabla ya kwenda New York mwaka 1975. Amesimulia mara nyingi jinsi mpambaji katika kazi yake ya kwanza kule alivyomuuliza kama amekuja na faundesheni yake mwenyewe, maana hakuwa na inayomfaa; alichompaka kikamfanya aonekane wa kijivu pichani. Iman akaanza kujichanganyia rangi zake, na mwaka 1994 akaanzisha kampuni yake ya vipodozi. Kabla yake, mwaka 1973, Eunice Johnson wa Chicago alikuwa ameanzisha vipodozi vya Fashion Fair kwa sababu hiyohiyo, baada ya kuona wanamitindo weusi wa maonyesho yake ya mitindo wakichanganya rangi kwa mikono yao. Mwaka 2017 Fenty Beauty ya Rihanna iliingia sokoni na rangi 40 za faundesheni kwa mpigo mmoja, na kampuni kubwa zikalazimika kuongeza rangi za watu weusi. Katika visa vyote vitatu ngozi haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa ndani ya kopo.

Hapo ndipo poda ya kuokwa inapoingia. Poda ya kawaida ya kopo bapa hutengenezwa kikavu: unga huchanganywa na kitu cha kuushikanisha, kisha hushindiliwa kwa mashine. Poda ya kuokwa huanza ikiwa rojo la unga, maji na mafuta kidogo. Rojo hilo huwekwa kwenye kigae cha udongo na kukaushwa taratibu kwa moto mdogo hadi maji yaishe, na ndiyo maana nyingi huwa na mgongo wa mviringo na michirizi ya rangi mbili tatu zilizosokotana. Laura Geller, mpambaji wa New York ambaye jina lake limeambatana na poda hizi, huzitengenezea Italia, ambako huokwa kwa saa 24; MAC nao wana zao zinazokwenda kwa jina la Mineralize Skinfinish. Faida ya njia hii ni kwamba rojo linaweza kubeba mika kwa wingi bila kuivunjavunja kwa mashine. Mika ni jiwe linalobanduka vipande vyembamba sana, na vipande hivyo hulala juu ya ngozi kama magamba ya samaki na kurudisha mwanga kwa pamoja, badala ya kuutawanya. Vikiwa vidogo mng'aro huwa wa taratibu. Vikiwa vikubwa uso humetameta kama nguo ya jukwaani. Vikipakwa oksidi ya chuma hutoa rangi ya dhahabu, shaba au hudhurungi, na hizo ndizo zinazokaa vizuri kwa mtu mweusi na kwa mwenye rangi ya maji ya kunde. Vile vya rangi ya fedha huleta majivu yaleyale tuliyoyakimbia. Ni haki kukiri kwamba tanuri peke yake haliokoi kitu: poda iliyookwa ikiwa imejaa chembe nyeupe itampausha mtu sawasawa na ile iliyoshindiliwa. Anayenunua kwa kuona neno la kuokwa kwenye boksi bila kuangalia rangi amenunua jina tu.

Namna ya kupaka nayo ni nusu ya kazi, na hapa kidogo kinashinda kingi. Uso uoshwe, upakwe mafuta au losheni, kisha usubiriwe dakika chache hadi losheni iingie. Poda ikiwekwa juu ya majimaji hushika madoa madoa. Brashi iwe kubwa na yenye manyoya mengi laini. Izungushwe juu ya mgongo wa poda mara moja au mbili bila kukandamiza, kisha ikung'utwe pembeni ya kopo, kwa sababu unga unaodondoka hapo ndio ambao ungekaa usoni kama vumbi. Mpako wa kwanza upite uso mzima kwa wepesi, ukiteremka hadi shingoni. Wa pili, kama unahitajika, uishie pale ambapo jua lenyewe hugusa kwanza: juu ya mifupa ya mashavu, kwenye mgongo wa pua na katikati ya paji. Pembeni ya pua na kwenye chunusi mbichi paachwe, kwa kuwa mng'aro huonyesha kila tundu na kila uvimbe. Anayetaka mwanga zaidi kwa jioni anaweza kulowesha brashi kidogo, akaikamua vizuri na kuigandamiza taratibu mahali hapohapo. Unyevu huvilaza vipande vya mika na mng'aro huongezeka bila kuongeza unga. Baada ya wiki kadhaa poda hufanya utando mgumu juu kutokana na mafuta yanayotoka usoni kupitia brashi, na wengi hudhani imeharibika wakaitupa. Kipande cha selotepu kikibandikwa juu ya utando huo na kubanduliwa huuondoa, na chini yake poda ni nzima.

Pingamizi la kwanza, na lenye nguvu, ni joto. Watasema: huko Ulaya waache uso ung'are, lakini Mombasa au Tanga mwezi Februari uso unang'ara wenyewe kwa jasho, na mtu anapaka poda ili akauke. Jasho kweli linang'ara, ila linang'ara kila mahali, hasa puani na kidevuni ambako hakuna anayetaka. Dawa yake ni kulifyonza kwa tishu au kitambaa safi cha pamba kwa kugandamiza, kisha kurudisha poda kidogo sana. Anayeongeza poda juu ya jasho kila saa moja hutengeneza tope, na tope likikauka hupasuka kwenye mikunjo ya mdomo na chini ya macho. Hapo tabaka jepesi lina faida iliyo wazi, maana haliachi kitu kingi cha kupasuka. Mwenye ngozi ya mafuta mengi anaweza kutumia poda isiyong'aa kwenye pua na kidevu, akaiacha ya kuokwa kwenye mashavu. Poda ya watoto ambayo wengi huipaka usoni na kifuani kukata joto haiongezi kitu hapa isipokuwa weupe, na ile ya ulanga imekuwa na kesi nyingi mahakamani nchini Marekani kiasi kwamba Johnson & Johnson waliacha kuiuza duniani kote mwaka 2023.

Pingamizi la pili ni la picha. Mpiga picha ukumbini hutumia taa kali, na wapambaji hudai kwamba bila mpako mzito bibi harusi atapotea. Ukweli ni kwamba poda nyeupe ndiyo inayosaliti zaidi mbele ya flashi: macho ya ukumbini huenda yasiione, lakini kamera huirudisha kama madoa meupe chini ya macho. Jaribio la kulithibitisha linaweza kufanywa na mtu yeyote mwenye simu, kabla hajatoka saluni, kwa kupiga picha moja kwa flashi na kulinganisha uso na shingo. Wenye makovu na madoa meusi wana hoja nzito zaidi, kwa sababu poda ya kuokwa haifuniki sana na si haki kuwaambia waridhike. Wafunike doa lenyewe kwa konsila ya rangi ya ngozi yao, kwa ncha ya brashi ndogo, kisha poda ipite juu. Doa la ukubwa wa punje ya mtama halidai uso mzima uwekwe chokaa. Tena madoa hayo hukolezwa na jua, kwa hiyo losheni ya kujikinga na jua, hasa yenye rangi, itawafaa kwa miezi ijayo kuliko faundesheni yoyote ya leo.

Wapo watakaosema kwamba weupe wa siku moja unaosafishwa jioni haumdhuru mtu, na kwamba mwanamke ana haki ya kuupaka uso wake apendavyo. Haki hiyo ipo, na hakuna anayepaswa kuzomewa kwa namna alivyojipamba. Ila uso mweupe wa siku ya harusi haukai peke yake. Picha yake hutundikwa sebuleni na kusambazwa kwenye simu, na binti anayeitazama hujifunza kwamba siku ya kupendeza kuliko zote ndiyo siku ya kuwa mweupe kuliko zote. Kutoka hapo hadi kwenye mkorogo si mbali, na mkorogo hauoshwi jioni. Zebaki iliyomo katika baadhi ya krimu za kujichubua hudhuru figo, na haidroksikwinoni inayotumiwa ovyo kwa muda mrefu inaweza kuiacha ngozi na weusi wa kudumu. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana mwaka 2023 kwamba ifikapo 2025 vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki viondolewe sokoni. Sheria inaweza kukamata makasha bandarini. Haiwezi kubadilisha kipimo cha uzuri kilicho kwenye kioo cha saluni. Hicho kimo mikononi mwa wapambaji na wateja wao.

Suala la bei si dogo, kwa kuwa poda hizi zikitoka Italia au Marekani ni ghali, na zile za bei ya chee zinazouzwa kwa majina makubwa mara nyingi ni za bandia. Bora poda ya jina dogo yenye anwani ya mtengenezaji, orodha ya viambato, tarehe na alama ya TBS au KEBS kuliko nakala ya jina kubwa isiyo na chochote. Poda moja ikitumiwa kwa wepesi huu hudumu miezi mingi, na huondoa haja ya vikopo vingine viwili vitatu. Kuna pia deni lisiloonekana kwenye boksi: mika nyingi huchimbwa Jharkhand nchini India na kusini mwa Madagaska, ambako watoto wamekutwa wakiichimba na kuichambua kwa mikono. Baadhi ya kampuni sasa hutumia mika ya kutengenezwa kiwandani, na mnunuzi anayeiuliza anawasaidia watoto hao kuliko anayenyamaza.

Basi wewe unayekwenda kununua, toka nayo mlangoni kabla hujalipa. Ijaribu kwenye taya, pale uso unapokutana na shingo, uitazame kwa mwanga wa jua na si kwa taa ya duka. Ikionekana, si yako. Ikipotea na kuacha mng'aro tu, hiyo ndiyo. Na wewe mpambaji, kabla hujafungua kopo, mwombe mteja avute kola uione shingo yake, kisha uchague rangi kwa kuifuata hiyo.