Ruzuku ya Pampu za Joto Uingereza Huombwa na Mkandarasi

Serikali ya Uingereza inatoa ruzuku ya pauni 7,500 kwa mwenye nyumba wa England au Wales anayeondoa boila ya gesi au mafuta na kufunga pampu ya joto, mtambo unaovuta joto kutoka hewani au ardhini.

Mpango wa awali, uliofungwa kwa waombaji wapya Machi 31, 2022, ulilipa kidogo kidogo kwa miaka 7, hivyo uliwafaa zaidi wenye akiba. Sasa fedha hukatwa kwenye bei tangu mwanzo. Hata hivyo, mwenye nyumba hawezi kujiombea. Maombi huwasilishwa kwa Ofgem, mamlaka ya udhibiti wa nishati, na mkandarasi mwenye cheti cha MCS. Anayemwajiri asiye nacho, hata kwa bei nafuu, hugharimia mtambo wote mwenyewe.