Picha Njema Yafaa Kutazamwa Mara Mbili

Wako watu wasemao kwamba picha ya sinema ni kama muwa: ukiisha kuutafuna, utamu wake umetoka, na kilichobaki ni makapi ya kutemwa. Ndiyo maana mara nyingi husikika mwanafunzi akisema, "Mimi nimekwisha iona ile," na hapo mazungumzo huwa yamekwisha. Kusudi la makala hii ni kueleza ya kuwa neno hilo si kweli kwa kila picha. Ziko picha ambazo watu wake hawajulikani hasa mpaka zitazamwe mara ya pili. Mfano nitakaoutumia ni picha moja ya sayansi ya kubuni iitwayo Arrival, maana yake Kuwasili, iliyotolewa mwaka 2016. Nawaomba radhi wale ambao hawajaiona, kwa kuwa haiwezekani kueleza jambo hili bila kufichua mwisho wake.

Habari yenyewe ni hii. Picha iliongozwa na Denis Villeneuve, mtu wa Kanada, nayo ilitokana na hadithi ya Ted Chiang, mwandishi wa Marekani, iliyochapishwa mwaka 1998. Vyombo 12 vikubwa vyawasili duniani kutoka mbinguni, kila kimoja mahali pake, na kimoja chasimama juu ya bonde huko Montana, Marekani. Hapana ajuaye wageni hawa wataka nini. Jeshi lamwita Bibi Louise Banks, mwalimu wa chuo kikuu aliye bingwa wa lugha, pamoja na Bwana Ian Donnelly, mtaalamu wa fizikia. Chombo hufunguka kila baada ya saa 18, na kazi yao ni kuingia ndani, kujifunza lugha ya wageni, na kuwauliza swali moja tu: Mmekuja kufanya nini?

Wageni wana miguu saba, na maandishi yao ni duara la wino mweusi lisilo na mwanzo wala mwisho. Mtu akiijua lugha hiyo sawasawa, huanza kuuona wakati kama wao wauonavyo: mambo ya kesho humjia kama kumbukumbu za jana. Hapo ndipo ilipo siri ya picha. Mwanzoni kabisa twamwona Louise akijifungua binti, jina lake Hannah, akimlea, akicheza naye, kisha akimpoteza kwa ugonjwa akiwa angali msichana. Mtazamaji hudhani hayo yamekwisha kupita. Karibu na mwisho yafunuliwa kwamba hayajatokea bado. Mtoto hajazaliwa, na baba yake atakuwa yule yule Ian, ambaye Louise amekutana naye majuzi tu katika helikopta ya jeshi.

Sasa tutazame mtu mmoja mmoja, tukianza na Louise. Mara ya kwanza, tukiisha kuona kifo cha mtoto, twamwona akiingia darasani, akirudi katika nyumba isiyo na mtu, akizungumza na mama yake kwa simu. Mtazamaji husema moyoni, "Maskini, ana msiba." Kila unyamavu wake huelezwa kwa msiba huo, hata ushujaa wake, kwa maana mtu aliyekwisha poteza kila kitu haogopi kitu. Mara ya pili maelezo hayo yaanguka yote. Louise hana msiba. Ni mwanamke mpweke tu aliyejaliwa akili nyingi, na tena anaogopa sana: tazama mikono yake na usikilize pumzi zake siku ya kwanza anapovishwa lile vazi la kujikinga. Kisha twaona jambo kubwa zaidi. Kadiri anavyozidi kuijua lugha ya wageni, ndivyo anavyozidi kumwona mtoto, kwanza akicheza, halafu akiugua. Yaani kila somo lamletea huzuni ya miaka ijayo. Angeweza kusema kwamba amechoka arudishwe nyumbani, wala hakuna ambaye angemlaumu. Hakufanya hivyo. Ushujaa wa mtu asiye na la kupoteza ni mdogo kuliko ushujaa wa mtu aonaye hasara inakuja, naye aendelea na kazi.

Wa pili ni Ian. Mara ya kwanza huonekana kama msaidizi mcheshi. Ndiye awapaye wageni wawili majina ya Abbott na Costello, waliokuwa wachekeshaji maarufu wa Marekani. Walipokutana tu na Louise alibishana naye, akisema msingi wa ustaarabu si lugha bali ni sayansi. Mara ya pili twamwona kwa macho mengine, kwa sababu twajua kwamba ndiye baba atakayeondoka nyumbani. Hata dalili zilikuwako wazi. Hannah amwuliza mama yake neno la kitaalamu la mapatano ambayo pande zote mbili hufaidi, na Louise amjibu kwamba akitaka mambo ya sayansi ampigie baba yake simu. Mara ya kwanza maneno hayo hupita kama upepo. Mara ya pili huchoma.

Wa tatu ni Kanali Weber. Mwigizaji wake ni Forest Whitaker, ambaye sisi wa Uganda twamjua kwa kazi nyingine. Ndiye aliyeigiza kama Idi Amin katika The Last King of Scotland ya mwaka 2006, iliyopigwa hapa hapa Uganda. Alijifunza Kiswahili kwa ajili ya kazi ile, na mwaka 2007 akapewa tuzo ya Oscar. Katika Arrival yeye ni askari mkavu wa maneno. Anapotaka kumwacha Louise na kumwendea bingwa mwingine, Louise amwambia: kwanza mwulize mtu huyo neno la Kisanskriti la vita, na maana yake. Usiku Weber arudi na helikopta. Yule bwana amejibu kwamba maana yake ni ubishi. Louise asema maana yake ni hamu ya kupata ng'ombe zaidi. Katika nchi zetu, ambako damu nyingi imemwagika kwa ajili ya ng'ombe, neno hilo halihitaji mfasiri, na watazamaji hucheka. Lakini ukilitazama tena utaona sifa ya Kanali. Alikwenda kuuliza kweli, akapima majibu mawili, akamfuata aliyejua zaidi, ingawa huyo ndiye aliyekuwa amemkatalia masharti yake. Tangu hapo kazi yake ni ya mkalimani. Kila siku yampasa kuchukua maneno ya Louise na kuyapeleka kwa wakubwa wasio na subira. Louise amweleza kwa nini hawezi kuuliza lile swali moja kabla ya kufundisha maneno madogo, kwa mfano tofauti ya kumwambia mtu mmoja na kuwaambia watu wengi. Kiingereza hutumia neno moja kwa yote mawili. Sisi tuna "wewe" na "ninyi". Weber ayachukua hayo, ayatetea, na kuwapatia wataalamu siku walizohitaji.

Wa nne ni Jenerali Shang wa China. Mara ya kwanza yeye ndiye adui, kwa maana yuko tayari kuwapiga wageni. Watu wake wamezungumza na wageni kwa njia ya mchezo wa mahjong, na Louise aeleza hatari yake: ukimfundisha mgeni lugha kwa mchezo wa kushindana, kila utakalomwambia litakuwa habari ya kushinda na kushindwa. Ni kama kumfundisha mtu Kiswahili kwa bao peke yake. Hatajua neno ila kula na kuliwa. Ndipo wageni wanapotaja neno ambalo wanadamu wanalifasiri kuwa ni silaha, na mataifa yashtuka. Lakini huenda maana ilikuwa chombo cha kazi. Hata katika lugha yetu, zana za mkulima ni jembe na panga, na zana za vita ni bunduki na mizinga. Mwishoni Louise ampigia Shang simu na kumwambia maneno ambayo mkewe alimwachia alipokuwa akifa, na Jenerali arudisha majeshi yake. Picha haikuyafasiri maneno hayo kutoka Kichina. Mara ya pili, kila Shang anapotajwa kwa hofu, twakumbuka kwamba huyu ni mjane mwenye neno moja la mkewe moyoni.

Wa mwisho ni Abbott, yule mgeni. Askari wachache wenye hofu wanatega bomu ndani ya chombo. Louise na Ian wanasukumwa nje na kuokoka, lakini Abbott anakufa. Mara ya kwanza twasema ni bahati mbaya. Mara ya pili twakumbuka kwamba viumbe hawa huyajua yatakayokuja. Basi Abbott alikuja duniani, akawafundisha wanadamu siku kwa siku, akijua ni chumba gani atakachofia, na kwa mkono wa nani. Wazee walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hapa mwenyeji alipona, mgeni akafa.

Katika shule yetu picha hii imezusha ubishi mkali, na ubishi wenyewe si wa mchezo. Je, Louise alifanya haki kumzaa mtoto akijua kwamba atakufa mapema, tena bila kumwambia mume? Swali hili haliko katika sinema tu. Ugonjwa wa selimundu umeingia katika nyumba nyingi za nchi zetu. Mume na mke wakiwa wote wawili wamebeba chembe ya ugonjwa huo, kila mtoto wao ana hatari ya moja kwa nne ya kuugua. Ndiyo sababu vijana huusiwa kupima damu kabla ya kuoana. Wengi wetu tuna miaka 18 au 19. Swali la Louise litatufikia, pengine si kwa namna ile ile.

Wanaobisha baada ya kutazama mara moja hugawanyika upesi: hawa humtetea mama, wale humlaumu baba kwa kukimbia. Mimi naona ya kuwa mara ya pili picha yatupa ushahidi ambao pande zote mbili hazikuusikia. Mwishoni kabisa Louise amwuliza Ian: kama ungeweza kuyaona maisha yako yote, tangu mwanzo hata mwisho, ungebadili mambo? Ian ajibu kwamba labda angesema yaliyo moyoni mwake mara nyingi zaidi. Ni jibu zuri, lakini alijibu bila kujua anaulizwa nini. Kuhusu mtoto, nasimama upande wa Louise. Hannah aliishi, akachora, akacheka, akaimba, na maisha mafupi ni maisha pia. Lakini kuhusu Ian, nasema alidhulumiwa. Habari ile alikuja kuambiwa baadaye, wakati ambapo hakuweza tena kuchagua. Kuondoka kwake kulikuwa ni udhaifu, walakini kabla ya udhaifu wake palikuwa na unyamavu wa mwenziwe. Haya hayawezi kuonekana na mtu ambaye mara ya kwanza alikuwa akishughulika kujua tu mambo yataishaje.

Hiyo ndiyo sababu yenyewe. Mara ya kwanza akili ya mtazamaji huwa mtumwa wa swali moja: "Halafu?" Mara ya pili swali hilo limekwisha jibiwa, na akili yapata nafasi ya kuuliza jingine: "Kwa nini?" Babu zetu walilijua jambo hili. Walisimulia hadithi zile zile kando ya moto, na watoto waliojua mwisho wake ndio waliosikiliza kwa makini kuliko wote.

Kwa wale watakaotaka kujaribu, nawapa mashauri manne. Kwanza, acheni siku kadhaa zipite, ili picha itulie. Pili, chagua mtu mmoja, umfuate tangu mwanzo hata mwisho, hasa wakati ambapo hasemi neno, maana uso wa msikilizaji hueleza mengi kuliko ulimi wa msemaji. Tatu, kwa kila tendo jiulize: mtu huyu alijua nini saa ile? Nne, zungumza na mwenzako aliyetazama pamoja nawe, wala usimkatize.

Sisemi kwamba kila picha yastahili. Ziko ambazo ni moto na mbio za magari tu. Hizo ni muwa kweli, tafuna uteme. Kipimo chake ni rahisi: ukiisha kujua mwisho, je, watu wake wamebaki na jambo la kukuambia?

Wanafunzi wa zamani watakaosoma makala hii yamkini wana picha zao, au vitabu vyao, walivyovirudia baada ya miaka 20 wakakuta watu wengine ndani yake. Tungefurahi kama wangetuandikia, tuvichapishe katika toleo lijalo.