Je, Wajua? Likizo ya Karibi na Masharti Yake

Unapanga likizo Karibi? Hongera! Lakini usifunge begi bado. Itoe kwanza ile suruali ya kombati.

Je, wajua kwamba Barbados, Jamaika, Trinidad na Tobago, Saint Lucia na majirani zao kadhaa wamepiga marufuku raia kuvaa nguo za mabakamabaka ya kijeshi? Hata mgeni, hata mtoto mdogo, hata kofia tu! Mtanzania atalielewa hili upesi, maana na kwetu sare ya jeshi si ya kuchezea.

Wajua kwamba ukiwa na paspoti ya Kenya au ya Tanzania, Barbados haikudai viza? Ndiyo, kisiwa kile kile ambacho watu huuma vidole wakihesabu gharama zake! Kazi ni kufika. Ukibadilisha ndege Miami au New York, Marekani itakudai viza ya kupita, hata kama hutaki kuona kingine zaidi ya geti la ndege inayofuata.

Sasa sogea, tuingie Cuba. Hapo ndipo penye maajabu.

Je, wajua kwamba Mmarekani hawezi kwenda Cuba kupunga upepo tu? Na anayemkataza si Cuba, ni nchi yake mwenyewe! Wizara ya Fedha ya Marekani, naam, ya Fedha, imeorodhesha aina 12 za safari zinazokubalika: kutembelea ndugu, uandishi wa habari, utafiti, ibada, mashindano ya michezo, misaada na nyinginezo. Kujilaza ufukweni hakumo.

Na huo umbali je? Kutoka Key West, kule ncha ya Florida, hadi pwani ya Cuba ni kama kilomita 145. Ni pungufu ya Dar es Salaam hadi Morogoro!

Shika na hili. Februari 1962, Rais John F. Kennedy alimwagiza msemaji wake, Pierre Salinger, amtafutie sigara nene za Cuba, 1,000 hivi, kabla ya asubuhi. Salinger akarudi na 1,200. Ndipo Kennedy, kama Salinger alivyokuja kusimulia mwenyewe, akafungua mtoto wa meza, akatoa hati ya kupiga marufuku bidhaa za Cuba, akatia sahihi!

Unadhani mlango wa Cuba kwa Wamarekani umefungwa moja kwa moja tangu hapo? La! Rais Jimmy Carter aliacha marufuku ya safari ikome mwaka 1977. Ronald Reagan akairudisha mwaka 1982. Agosti 31, 2016, ndege ya JetBlue ikatoka Fort Lauderdale ikatua Santa Clara, safari ya kwanza ya ratiba kutoka Marekani baada ya zaidi ya miaka 50, watu wakashangilia. Juni 2019, meli za kitalii kutoka Marekani zikazuiwa tena. Anayepanga safari ya Cuba akiwa Marekani huangalia sheria kabla hajaangalia nauli.

Wajua ni nani aliyetua Havana Machi 2016? Barack Obama, mtoto wa Mkenya! Rais wa Marekani aliyemtangulia kufika Cuba akiwa madarakani alikuwa Calvin Coolidge, Januari 1928, na yeye alikwenda kwa manowari. Hesabu mwenyewe: miaka 88 imepita katikati.

Na Wacuba wenyewe? Kaa vizuri. Hadi Machi 2008, Mcuba hakuruhusiwa kulala katika hoteli za kitalii za nchi yake, hata awe na pesa mkononi. Na hadi Januari 14, 2013, hakuweza kutoka nje ya nchi bila kibali maalumu cha kuondoka. Mgeni aliingia na kutoka, mwenyeji akabaki akimtazama!

Wewe uliye London au Berlin na paspoti ya huko, hili ni lako. Ukiwa umekanyaga Cuba tangu Januari 12, 2021, hata kwa wikendi moja, huwezi tena kuingia Marekani kwa ile ruhusa ya haraka ya mtandaoni. Utapanga foleni ya viza kamili kama sisi wengine. Siku tatu za muziki wa Havana, na mlango wa shangazi yako wa Texas umeongezewa kufuli!

Kadi ya benki ya Marekani? Haifanyi kazi Cuba. Beba fedha taslimu. Bima ya afya? Lazima kwa kila mgeni tangu Mei 1, 2010. Droni ya kupigia picha? Iache nyumbani, maana forodha wataishika hadi siku ya kuondoka kwako.

Lakini ukishapita yote hayo, inua macho. Cuba ndiko anakoishi ndege mdogo kuliko ndege wote duniani! Wenyeji wanamwita zunzuncito. Ana urefu wa sentimita 5 au 6, na uzito wa gramu 2 hivi. Hapatikani popote pengine.

Tuje kwenye kadi ya njano. Unayo? Ukitoka Kenya, Uganda, Burundi au Kongo, visiwa vingi vya Karibi vitakuomba cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanja mapema, kwa sababu cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Na furahi: tangu Julai 11, 2016, sindano moja inatosha maisha yako yote! Hata ile kadi ya zamani iliyoandikwa miaka 10 inahesabiwa ya maisha.

Wajua aliyegundua siri ya ugonjwa huo ni nani? Daktari wa Cuba, Carlos Finlay. Mwaka 1881 alisimama akasema homa ya manjano inaenezwa na mbu, na wakubwa wa tiba hawakumwamini. Ilichukua karibu miaka 20, hadi mwaka 1900, ndipo madaktari wa jeshi la Marekani wakafanya majaribio huko huko Cuba na kukuta kwamba alisema kweli. Karibu miaka 20, ndugu yangu, na watu wanakufa!

Na mbu mwenyewe alitoka wapi? Afrika! Alivuka bahari ndani ya merikebu za watumwa, pamoja na virusi vyake. Halafu kikaja kisa ambacho mimi nikikisoma nasisimka kila mara. Mwishoni mwa mwaka 1801 Napoleon alipeleka maelfu kwa maelfu ya askari kuwarudisha watu wa Haiti utumwani. Homa ya manjano ikawafyeka, ikamchukua hata kamanda wao, Charles Leclerc, shemeji yake Napoleon. Januari 1, 1804, Haiti ikawa nchi huru, taifa lililozaliwa na watumwa waliojikomboa wenyewe!

Leo je, wajua Kiswahili kimesikika hadi Port-au-Prince? Polisi wa Kenya walianza kutua huko Juni 2024 kupambana na magenge. Novemba mwaka huo huo ndege za abiria zikapigwa risasi, na Marekani ikazuia mashirika yake kutua jijini humo. Haiti ina ngome ya Citadelle Laferrière, mlimani kaskazini, urithi wa dunia tangu 1982, na inauma kwamba ni wageni wachache mno wanaoweza kuifikia kwa sasa.

Twende mbio kidogo.

Unakumbuka mwaka 2020, dunia ilipofungwa? Jamaika ilifungua utalii Juni ya mwaka huo, ila mgeni alitakiwa abaki ndani ya ukanda mmoja tu wa pwani, kuanzia Negril kwenda mashariki. Ukiupita, umevunja sheria! Visiwa vya Cayman vilikaa takriban miezi 20 kabla ya kuwapokea watalii tena.

Barbados ikafanya kinyume. Julai 2020 iliwaambia watu wa dunia: kama unafanya kazi kwa kompyuta, njoo uifanyie kwetu mwaka mzima! Masharti? Kipato cha dola 50,000 kwa mwaka, na ada ya dola 2,000 kwa mtu mmoja au 3,000 kwa familia. Ufukwe ulikuwa ule ule, ila viza iligeuka kuwa kibali cha ofisi.

Na hili je? Saint Kitts na Nevis walianza kuuza uraia kwa wawekezaji mwaka 1984. Mradi wao ndio mkongwe kuliko yote duniani wa aina hiyo. Mwenye mfuko mzito hasumbuki na foleni ya viza, anakuwa raia!

Wajua kisiwa kimoja kidogo, kilomita za mraba 87 tu, kimegawanywa baina ya Ufaransa na Uholanzi tangu 1648? Ni Saint Martin. Unakunywa chai Ufaransa, unatembea kidogo, unakula mchana Uholanzi, na hakuna anayekuuliza paspoti! Ila mwaka 2020, kwa ajili ya korona, polisi walisimama kwenye mpaka huo, na wenyeji wakaandamana kwa hasira. Walikuwa wametenganishwa na shule, kazi na jamaa zao.

Sasa kaza mkanda, tunatua Saba! Uwanja wake una njia ya kurukia ya mita 400 hivi, fupi kuliko zote zinazotumiwa na ndege za abiria za ratiba. Jabali upande mmoja, bahari kwenye ncha zote mbili. Njia hiyo imechorwa alama ya X kila ncha, kuwaambia marubani wa kawaida wasithubutu! Ndege ndogo za shirika la Winair ndizo zenye ruhusa.

Na barabara ya Saba? Wahandisi wa Kiholanzi walisema haijengeki, mlima ni mkali mno. Mwenyeji mmoja, Josephus Lambert Hassell, akajisomea uhandisi kwa njia ya posta, akakusanya wenzake, wakaichonga kwa mikono! Gari la kwanza lilifika mwaka 1947. Ipo mpaka leo, na magari yanapita.

Ngoja nikupeleke Montserrat. Wajua ni kisiwa chenye mji mkuu usio na mtu hata mmoja? Volkano ya Soufrière Hills iliamka Julai 18, 1995, na mji wa Plymouth ukafukiwa na majivu na matope. Juni 25, 1997, watu 19 walikufa. Zaidi ya nusu ya kisiwa bado ni eneo la tahadhari, na huingii Plymouth bila kibali na kiongozi anayetambuliwa. Lakini kwenye karatasi, Plymouth ndiyo makao makuu hadi leo!

Wenyeji wengi walihamia Uingereza na visiwa jirani. Waliobaki, maelfu machache tu, walijenga upya kaskazini, wakafungua uwanja mpya wa ndege mwaka 2005. Nenda Machi 17, uone sherehe! Wanawakumbuka watumwa waliopanga kuasi siku hiyo hiyo mwaka 1768.

Dhoruba nazo? Msimu wa vimbunga ni Juni 1 hadi Novemba 30, na kilele chake ni Septemba. Ukibanwa na likizo ya miezi hiyo, tazama Aruba, Bonaire na Curaçao, ambazo ziko kusini ya njia kuu ya vimbunga. Barbuda haina bahati hiyo. Septemba 2017, kimbunga Irma kilipopita, wakazi wote walihamishiwa Antigua. Wote! Ikasemwa kwamba kwa mara ya kwanza katika miaka 300 kisiwa hicho hakikuwa na binadamu.

Ukienda Bonaire kupiga mbizi, kuna ada ya hifadhi, na glavu ni marufuku ili usishikeshike matumbawe. Visiwa vya Virgin vya Marekani navyo vilipiga marufuku mafuta ya kujikinga na jua yenye kemikali zinazodhuru matumbawe, tangu Machi 2020. Soma kichupa chako kabla ya safari. Na ukiwa huko, endesha gari kushoto: ndiyo sehemu pekee ya Marekani inayofanya hivyo!

Wajua ghuba inayowaka usiku? Ipo Vieques, Puerto Rico. Viumbe wadogo wasioonekana kwa macho hutoa mwanga wa buluu maji yakitikiswa. Zamani watu waliogelea ndani yake, sasa hairuhusiwi, kuwalinda viumbe hao. Sehemu nyingine za Vieques hazikanyagiki kabisa, kwa sababu jeshi la wanamaji la Marekani lilifanyia mazoezi ya mabomu hapo kwa takriban miaka 60, hadi Mei 1, 2003. Mabomu ambayo hayakulipuka bado yanatafutwa.

Na kama unataka kisiwa ambacho huwezi kabisa kupanga likizo, kipo! Navassa, magharibi ya Haiti, hakina mkazi. Marekani ilikidai mwaka 1857 kwa sababu ya mavi ya ndege, yaliyokuwa mbolea ya thamani, na Haiti inasema hadi leo ni chake. Kwa sasa ni hifadhi ya wanyama, imefungwa kwa umma.

La mwisho, la begi la kurudi. Lile ganda kubwa la konokono wa bahari wa Karibi, lenye mdomo wa pinki, unaruhusiwa? Mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini unamwachia msafiri maganda 3 bila kibali. Kwa hiyo chagua mazuri! Lakini ukitua Aruba usiguse hata mchanga, maana kutoka nao ni marufuku.