MAWE MATATU YA GETTYSBURG

Wengi wetu tukisikia habari za mnara wa vita, fikira hutupeleka moja kwa moja kwa jemadari aliyepanda farasi, upanga mkononi. Makala haya yanahusu ukumbusho wa namna nyingine. Ni wa kikosi kidogo cha mizinga kilichonyang'anywa mizinga minne kati ya sita, na bado watu wake wakaona fahari kuweka jiwe papo hapo walipopokonywa. Kwa nini? Hebu tuanze na vita vyenyewe.

Mwaka 1860 na 1861 majimbo ya Kusini mwa Marekani yalijitenga ili kuulinda utumwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka, vikadumu hadi 1865. Pigano kubwa kuliko yote lilikuwa Gettysburg, katika jimbo la Pennsylvania, tarehe 1 hadi 3 Julai 1863. Kwa siku hizo tatu tu, watu wapatao 51,000 waliuawa, walijeruhiwa, walitekwa au hawakuonekana tena.

Kikosi chetu kiliitwa Kikosi cha 9 cha Mizinga cha Massachusetts, cha upande wa Kaskazini. Kiongozi wake alikuwa Kapteni John Bigelow, kijana aliyesoma chuo cha Harvard na aliyekuwa mkali kwa nidhamu. Vijana wake walikuwa wamefunzwa vizuri lakini vita walikuwa hawajavionja. Gettysburg ilikuwa mara yao ya kwanza.

Tarehe 2 Julai, Jenerali Daniel Sickles aliwasogeza askari wake mbele bila ruhusa, hadi kwenye bustani ya mipichi. Kikosi cha Bigelow kikapelekwa kando ya barabara iliyo karibu na hapo kuwasaidia. Yapata saa kumi na mbili jioni safu hiyo ya mbele ikavunjika. Askari wa miguu wakakimbia, na mizinga ikabaki peke yake uwanjani.

Hapa inafaa tueleze jambo moja la ufundi. Kila mzinga ulivutwa na farasi sita, ukiwa umefungwa nyuma ya kigari chenye kasha la risasi. Taabu ni kwamba mzinga ukishafungwa hivyo hauwezi kupiga, na adui alikuwa karibu mno. Basi Bigelow akaamuru mizinga ifungwe kwa kamba ndefu. Mzinga ukifyatuliwa, kishindo chake wenyewe huurusha nyuma. Kisha farasi huivuta kamba, wapigaji hujaza tena, wanafyatua tena. Namna hiyo walirudi nyuma kama mita 400, huku wakipiga, hadi kwenye shamba la familia ya Trostle.

Hapo walikwama. Ukuta wa mawe ulikuwa nyuma yao na geti lilikuwa moja tu. Kabla hawajatoka, Luteni Kanali Freeman McGilvery akafika na amri nzito: shikilieni hapa kwa vyovyote. Kumbe nyuma yao kulikuwa na mwanya mtupu, hakuna askari wa kuuziba. McGilvery alihitaji muda wa kupanga mizinga mingine.

Wakashikilia kama nusu saa. Walipiga makopo ya bati yaliyojaa gololi za chuma, huku askari wa Mississippi wakiwajia mbele na ubavuni na kuwapiga farasi risasi ili mizinga isiondoke. Mizinga miwili ilifaulu kutoka. Minne ikatekwa. Watu 28 wa kikosi waliuawa, walijeruhiwa au walipotea. Bigelow mwenyewe alijeruhiwa, na mpiga buruji wake, Charles Reed, akampandisha farasi na kumtoa katikati ya moto wa pande zote mbili. Mwaka 1895 Reed alipewa Nishani ya Heshima.

Lakini muda ulikuwa umepatikana. McGilvery alikwisha panga safu yake, adui akazuiwa, na jioni hiyohiyo ile mizinga minne ikarudishwa.

Sasa turudi kwenye mawe. Mwaka 1885 kikosi hiki kiliwekewa kumbukumbu, na mpaka leo ina mawe matatu. La kwanza liko kando ya barabara walikoanzia. La pili, lenye umbo la kasha la risasi, liko shambani kwa Trostle. La tatu liko kilimani, ambako mizinga miwili iliyosalia ilisimama tarehe 3 Julai. Ukitembea kutoka jiwe hadi jiwe, unakuwa umeisoma habari yote kwa miguu yako. Jiwe la katikati halisemi "tulishinda." Ni kama linasema "hapa tulikaa."

Tusisahau pia waliolipa bila kuandikishwa jeshini. Picha iliyopigwa siku chache baadaye inaonyesha mizoga ya farasi imelala mbele ya nyumba ya akina Trostle. Familia iliyokuwa imekimbia ilirudi ikakuta hayo mlangoni. Tundu la risasi ya mzinga lingali kwenye matofali ya ghala lao.

Wahenga walinena: mvumilivu hula mbivu. Vijana hawa wengine hawakuzila; walivumilia ili wenzao wazile. Basi msomaji, siku ukikutana na jiwe la ukumbusho, usilisome jina tu ukapita. Tazama limesimama wapi, kisha uulize kwa nini liliwekwa hapo.